Maji Aliyoyakataa Baba Yako

Siku ile ya pikipiki naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Harusini nilifunikwa shela nikawa sioni kitu. Siku ile niliona kila kitu kwa macho yangu mawili, na mpaka leo sijapata wa kunifunika.

Kaa hapa, Bakari. Weka simu chini. Najua umefunga, midomo imekukauka mpaka inapasuka, halafu unadhani mama yako kipofu. Tangu urudi hapa Guangzhou unafunga kila siku ya Mungu, katika joto hili, huku unapandisha marobota ya nguo ngazini kule soko la Shisanhang. Jana ulishika ukuta hapo mlangoni, ukasema eti umejikwaa. Umejikwaa na nini, sakafu ya vigae? Nimeuliza, nimeambiwa. Kuna mtu sokoni, namjua na nitamwendea mwenyewe, kakwambia kwamba baba yako alifunga nadhiri kwa ajili yako, akafa hajaimaliza, na sasa deni limekuangukia wewe. Na kesho unataka kukodi pikipiki uende ukapaone pale alipoangukia. Nenda, sikukatazi. Lakini kwanza utanisikiliza mimi niliyekuwepo, siyo huyo ambaye siku ile alikuwa amejilaza kwenye kiyoyozi chake.

Baba yako Hamadi alikuwa mtoto wa Kariakoo, mwembamba, mcheshi, na mbishi. Mbishi jamani! Ukimwambia nje mvua inanyesha, atatoka kwenda kuhakikisha. Tulikuja hapa ndoa bado mbichi, tukapanga chumba huko Panyu, kusini mwa jiji, kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu. Tulinunua suruali za jinzi tukazituma Dar, na biashara haikuwa mbaya. Kilichotuumiza ni uzazi. Mimba mbili ziliniharibikia, zote zikiwa na miezi minne. Ile ya pili nililazwa hospitali ya ugenini, nikawa nalia kwa Kiswahili na wauguzi wananibembeleza kwa Kichina.

Nilipopata ya tatu, ambayo ndiyo wewe, Hamadi akaweka nadhiri. Mimba ikivuka mwezi ule wa nne, alisema, atafunga mwezi mzima mfululizo. Hakumshauri mtu. Aliinua mikono tu baada ya sala, akatamka. Basi ikavuka, alhamdulillahi, ila ikavuka wakati wa joto, joto la huku ambalo unalijua, la kukaa umetulia na jasho linachuruzika. Nikamwambia, subiri baridi, bwana, hiyo nadhiri hukuiwekea tarehe.

Akanijibu, "Salma, Mungu hakunichelewesha. Mimi nimcheleweshe Yeye?"

Maneno matamu hayo, na mimi nilikuwa mke mchanga mwenye tumbo nililokuwa nalilinda kama yai. Nikampikia daku.

Sasa, alikuwa amenunua pikipiki ndogo ya umeme, ya mtumba, rangi ya waridi. Wenzake walimcheka wakasema ni ya kwendea saluni. Ilipofika sikukuu ya Wachina ile ya mashua, maduka mengi ya Shisanhang yakafungwa, na Hamadi hakujua kukaa nyumbani. Laoban wetu, ndivyo tunavyowaita wenye maduka hapa, yule aliyekuwa akituuzia jinzi, alikuwa ametusimulia mkasa wake. Alinunua nyumba ya ghorofa katika mji mpya kule chini karibu na bahari, mahali walipofukia maji kwa mchanga. Majengo yakasimama, fedha zikakatika, wajenzi wakaondoka, na mji mzima ukabaki hauna mtu. Hamadi alilishika hilo. "Twende nikakuoneshe mji usio na mtu," akaniambia. "Umeshawahi kuona?"

Siku hizi ungenipigia kelele, mjamzito na pikipiki wapi na wapi. Lakini aliendesha polepole, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa ndani. Nikatia chupa za maji kwenye mkoba, za kwangu, maana yeye amefunga. Nikamuuliza, na chaji itatosha kwenda na kurudi, watu wawili hawa? Akacheka. "Mji mzima wa maghorofa utakosa soketi?"

Lahaula. Hata sasa nikilikumbuka neno hilo nataka kucheka na kulia.

Tuliondoka asubuhi kukiwa na ubaridi kidogo. Njia ya kwenda ilikuwa nzuri, migomba, mabwawa ya samaki, Hamadi akinisimulia uongo wake. Kisha miti ikaisha. Nikaona barabara pana, ya magari mengi kwenda sambamba, haina hata gari moja. Taa za njiani zimesimama, hazijawahi kuwaka. Pande zote mchanga mweupe, umerundikwa, umetawanyika, upepo unaupeperusha mpaka katikati ya lami. Ni jangwa la kutengenezwa na watu. Na ndani ya jangwa hilo maghorofa marefu, safu kwa safu, hayana madirisha, matundu matupu tu.

Tukatembea humo. Palikuwa na ubao mkubwa wa tangazo umepauka, una picha ya baba, mama na mtoto wanacheka. Palikuwa na bembea za watoto, mchanga umezifukia mpaka kwenye viti. Katika ofisi waliyokuwa wakiuzia nyumba tulikuta mfano wa mji wote umetengenezwa kwa plastiki, na vijitu vidogo vidogo vinatembea kwenye bustani, vumbi limevifunika. Hamadi alivipangusa kwa kidole. Alikuwa ameacha kusimulia. Nikaogopa, mwanangu, nikamwambia turudi, hapa hapana heri.

Tukawasha pikipiki, ikatutoa nje ya mji kidogo, ikazima. Soketi? Hapakuwa hata na waya. Simu yake haikushika mtandao, na yangu niliiacha nyumbani. Jua liko utosini. Akaanza kuisukuma. Nilimwambia aiache, akasema hawezi kutupa mali. Nikatembea nyuma yake nikinywa maji yangu kwa kificho, naona aibu kumnywea mbele yake. Jasho lilimtoka mpaka shati likagandamana. Halafu, na hili likae kichwani mwako, jasho likakatika. Mgongo ukakauka. Mimi sikujua kuwa hiyo ndiyo hatari yenyewe. Nilidhani amepata nafuu.

Akaanza kuongea mambo yasiyokuwepo. Akaniuliza kama nimefunga mlango wa duka la Kariakoo, duka ambalo baba yake aliliuza kabla hatujaoana. Nikamshika mkono, unawaka. Nikamwambia, Hamadi, fungua. Kunywa. Akasema imebaki kidogo. Imebaki kidogo nini, na adhuhuri ndiyo kwanza imeingia! Nikamlilia. Nikamtukana, nakwambia kweli, nilimtukana matusi ambayo mke hamtukani mumewe. Nikamwekea chupa mdomoni, akafunga meno, maji yakamwagikia kidevuni.

Pale njiani palikuwa na kibanda cha mlinzi, mzee wa Kichina, kazi yake kulinda vyuma visiibwe. Alituona akatoka mbio. Hakuuliza sisi nani. Alimkalisha Hamadi kivulini, akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akampelekea kwa mikono miwili, kama wanavyompa mgeni wa heshima. Baba yako akaisukuma ile mikono. "Bu yao," akasema. Sitaki. Neno tunalowaambia wauzaji wanaotuvuta mashati kutwa nzima kule mtaa wa maduka wa Yide Lu. "Bu yao, bu yao." Yule mzee akaniangalia mimi, haelewi. Ningemweleza kwa lugha gani?

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa. Alipolegea, tulimmwagia maji ya ndoo, mlinzi akampakia kwenye bajaji yake ya mizigo, mimi nikakaa nyuma nimempakata kichwa. Hospitali walijitahidi, sina la kuwalaumu. Ila tulichelewa. Jua halijazama, na Hamadi hayupo.

Alioshwa na Mzee Haji, Mzanzibari aliyekuwa akinunua vitu vya kuchezea watoto kule Yide Lu na ndiye aliyekuwa akitusalisha. Akazikwa hukuhuku, kwenye makaburi ya Waislamu. Watu wakajaa chumbani kwetu Panyu, wanawake ndani, wanaume ukumbini, mlango wazi. Na hapo ndipo yalipoanza maneno. Mmoja akasema, kafa na swaumu yake, huyo kaenda peponi moja kwa moja. Mwingine, kafa shahidi. Mwingine akaongeza, kafa kwa ajili ya mwanawe, mtoto huyo atakuwa na baraka kubwa. Mwanangu, niliyanywa maneno hayo. Ndiyo kitu pekee kilichonipa nguvu ya kuvuta pumzi.

Mzee Haji akasema, "Nyamazeni."

Wote wakamgeukia. Alikuwa mtu mpole, hatukuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Nani kakwambieni kafa kwa ajili ya mwanawe? Mie ndiye niliyemuosha. Hamadi kauawa na jua, na kukataa maji. Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Yeye mgonjwa, kapewa maji na mkewe, kapewa na mtu baki, kakataa. Muombeeni msamaha, msimpambe." Kisha akanyoosha kidole kuelekea chumbani nilikokaa mimi. "Na huyo aliyemo tumboni kakosa nini, hata mumtwishe maiti kabla hajazaliwa? Akikua mtamwambia babaako kafa kwa sababu yako? Mtoto gani ataweza kuishi na neno hilo?"

Nilimchukia, Bakari. Wallahi nilimchukia mzee yule. Ningekuwa na kikombe mkononi ningemrushia. Aliniondolea shahidi wangu, akaniachia mtu mbishi aliyekufa bure barabarani. Nilikaa eda yangu nikisikia sauti yake, na eda yangu mimi ilikuwa mpaka nijifungue, kwa hiyo wewe na mimi tuliikaa pamoja.

Ulipozaliwa nikakuweka kifuani, ukanyonya, ndipo chuki ilipoanza kunitoka. Nilikutazama nikajiuliza, huyu nimwambie nini? Nikamwita Mzee Haji nikamuuliza juu ya zile siku zilizobaki, maana nadhiri ni nadhiri. Akaniambia jamaa wa maiti anaweza kumfungia. Nimalize kwanza kukunyonyesha, nisubiri baridi, nizifunge mimi. "Na siku ukizidiwa," akasema, "kula, uendelee ukipona. Mungu hana haraka kama yenu."

Nikazifunga. Januari ya huku, na mvua zake za manyunyu, mikono inauma kwa baridi. Katikati nikaumwa homa, na mchana kweupe nikakaa jikoni nikanywa chai ya tangawizi, huku nalia kwa kwikwi. Nilikuwa nakunywa kile ambacho Hamadi alikataa, na hakuna kilichoniangukia. Nilipopona nikaendelea mpaka nikamaliza. Kwa hiyo sikiliza, na ukirudi sokoni kamwambie huyo aliyekutwisha deni: nadhiri ya Hamadi ililipwa zamani, wewe ukiwa ndiyo kwanza umeachishwa ziwa. Huna deni. Hukuwahi kuwa nalo.

Najua ilinipasa nikwambie mapema. Nilikuwa nasubiri uulize, na wewe ukaenda kuwauliza watu.

Sasa nasaha zangu ni hizi, na si zako peke yako. Wafikishie na hao vijana wenzako mnaopanda nao pikipiki kwenda kujipiga picha kwenye mahame. Ukizidiwa, sema umezidiwa, hata kama wenzako watakucheka. Mtu akikupa maji kwa mikono miwili, yapokee, awe wa dini yako au asiwe. Usimwekee Mungu sharti ambalo Yeye hakukuwekea, na ukishaliweka, nenda kwa mwenye elimu akuoneshe mlango wa kutokea kabla hujaingia. Na mtu akifa, msimzushie sababu nzuri kwa kuwa inafariji. Aliyekufa haimsaidii, na kuna aliye hai atakayeibeba.

Baba yako alikupenda. Hilo lichukue, ni lako, halina shaka. Alikupenda kabla hujawa hata na sura. Lakini hakufa kwa ajili yako, alikufa kwa ubishi wake na joto la mji huu, na mimi nimemsamehe, nawe msamehe. Kesho ukifika kule msomee Fatiha, umtafute na yule mlinzi kama bado yu hai, umshukuru kwa ile chai.

Swaumu uliyonayo leo ni ya sunna tu, haina kitu nyuma yake, na mama akikwambia ufungue, unafungua. Nimekwambia. Mungu akupe umri ambao Hamadi hakuupata, akupe watoto uwaone wakitembea, akupe moyo wa ibada na akili ya kuuongoza, akuepushe na ubishi wa ukoo wenu. Kila utakayekutana naye njiani awe mwema, na ulichobeba kiwe chako tu. Sema amina, mwanangu. Sema, halafu unywe.