Mwambie Shemeji Yako Atoe Pasi

Wiki nzima mume wangu aliendesha basi, na hakuna abiria aliyemjua hata jina. Jumapili mchana aliingia kwenye ukumbi wa michezo kule Woolwich, akavaa filimbi shingoni, na wanaume wazima wakamwita kocha. Mimi nilikaa kwenye meza ya pembeni nikiandika vikapu vilivyofungwa. Sikuomba kazi hiyo. Nilipewa kwa sababu ni mimi peke yangu niliyefika kila wiki bila visingizio.

Timu yetu ya mpira wa kikapu ilikuwa ya Watanzania wa kila namna. Kulikuwa na wauguzi, mhasibu, mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa mwisho tangu nimjue, na baba mmoja Mhindi kutoka Tooting, mzaliwa wa Mwanza, mwenye kitambi na Kiswahili kizuri kuliko changu. Nyota wetu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Baba yao alifariki wakiwa wadogo, mume wangu akamlea, akamsomesha, mwisho akamleta London akaishi nasi. Kijana alijua mpira, sitamnyima hilo. Tatizo ni kwamba hata yeye alijua kuwa anajua.

Mume wangu alijifunzia mchezo kwenye uwanja wa saruji Dar es Salaam, mbele ya kocha aliyetaka mpira upite mikononi mwa wote kabla haujaelekea golini. Shemeji alijifunzia kwenye sofa letu, kwa kanda za video kutoka Marekani. Na Marekani ya mwishoni mwa miaka ya tisini ilikuwa nchi ya manyota. Kila timu ilikuwa na nyota wake, mwenye kiatu chake na tangazo lake la soda. Sheria ya ligi yao iliwabeba pia, maana ilikataza walinzi kujipanga na kulinda eneo. Kila mmoja alitakiwa kumkaba mtu wake. Basi wenzake wanne wa nyota walihamia upande mmoja wa uwanja, wakasimama kama watu wanaongoja basi, na nyota akabaki upande wa pili na mlinzi mmoja wa kumnyanyasa. Watu walilipa viingilio kuangalia hayo.

Shemeji akayaleta Woolwich. Aliwapanga wenzake kulia, yeye akabaki kushoto akidunda mpira na kutikisa mabega. Kwa muda ilifanya kazi, hadi tulipokutana na Wakongo wa Tottenham. Wale hawakuwa na habari na mabega ya mtu. Walijipanga mbele ya goli lao, wakanyoosha mikono, wakatungoja.

Timu yetu nzima ilimgeukia refa. "Ref, illegal defence," walidai, mikono juu.

Kwa sheria za kimataifa, ambazo ndizo tulizochezea sisi, kulinda eneo hakukuwa kosa hata kidogo. Mume wangu alikuwa amewaambia. Refa, mzee wa Kiingereza mwenye subira, alituangalia kwa huruma akaashiria mchezo uendelee. Wakongo wakauchukua mpira, wakaenda kufunga huku sisi bado tunadai haki yetu. Kapteni wao alipopita karibu na meza yangu aliniambia kwa upole, kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, ile video banaangaliaka, hapa haiko."

Dakika za mwisho mume wangu alimtoa shemeji. Tulifungwa.

Baada ya mechi ilikuwa desturi yetu timu kuja kwetu kula pilau, wote kwenye sinia moja, tukiwa tumekaa chini. Siku ile shemeji alikula kidogo, kisha akasema mbele ya wote, "Kaka, with respect, unafundisha mpira wa zamani. Siku hizi timu ni nyota. Wengine ni wasaidizi tu."

Hakuna aliyenyoosha mkono kwenye sinia. Mume wangu alinawa vidole, akasema, "Endeleeni, jamani," akaenda chumbani. Maneno hayo yangetoka kwa mtu mwingine angecheka. Kutoka kwa yule, na mbele ya wageni, yalimchoma.

Toka siku ile ndugu wawili wakaacha kusemeshana, kwenye nyumba ambayo ukipiga chafya jikoni unaombewa afya sebuleni. Mdogo aliona haya kuomba radhi, mkubwa aliona haya kuidai. Nikawa posta. Kwetu mashemeji hutaniana, kwa hiyo wote waliona mimi ndiye wa kutumwa.

"Mwambie shemeji yako atoe pasi," mume wangu alisema kila tulipoomba mapumziko mafupi, na huyo shemeji yangu amesimama ubavuni kwake, anadondosha jasho kwenye kiatu cha kaka yake.

"Shem, kocha anasema wenzako nao wana mikono."

"Mwambie kocha mikono yao nimeiona."

Watu walicheka, nami nilicheka nao. Nyumbani nilikuwa na hofu. Shemeji alikuwa ameanza kutafuta chumba Leyton. Nilizijua roho za watu wa ukoo wao: akiondoka wamenuniana vile, wangekuja kukutana tena msibani.

Katikati ya hayo Wamarekani wakabadilisha sheria zao. Wakaruhusu kulinda eneo. Mume wangu alizipata habari hizo kwanza, na sijawahi kuona mtu akiosha vyombo kwa furaha namna ile. Kanda mpya ilipofika, shemeji alikaa akaangalia nyota wake kipenzi akizungukwa na watu watatu, hana pa kutokea. Mume wangu alipita nyuma ya sofa na kikombe chake.

"Mwambie shemeji yako asisahau kumwita refa."

Miaka michache baadaye wangekuja kuwakataza walinzi kumwekea mkono mwenye mpira, na manyota wangepumua tena. Hilo halikumsaidia shemeji mwaka ule. Alizima televisheni akaenda kupiga simu Leyton.

Tulikutana tena na Wakongo, safari hii kwao, Tottenham. Shemeji alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, alikokuwa akihudumia wazee. Alichukua mpira, wakamzunguka. Akauchukua tena, wakamzunguka tena. Baba wa Tooting alisimama kwenye kona peke yake, mikono mbele, kama mtu anayepokea mtoto.

Mume wangu akaomba mapumziko. Alinigeukia mimi. "Mwambie shemeji yako..."

Nikaweka kalamu chini. "Mwambie mwenyewe. Mimi naandika vikapu."

Timu nzima iliinama kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa. Mume wangu alimtazama mdogo wake. Nilidhani sasa yatatoka yote, ya kanda, ya sinia, ya Leyton.

"Umekula leo?"

"Hapana, kaka. Nimetoka shift moja kwa moja."

"Kaa hapa."

Alimkalisha kando yake, akampa mkate wake mwenyewe na chai ya chupa. Mchezo ukaendelea bila nyota. Shemeji alikuwa ametafuna nusu ya mkate aliporuka ghafla kutoka kwenye benchi. "Mpe baba! Yuko wazi, mpe!"

"Unamwona?" mume wangu aliuliza, bila kumgeukia.

"Namwona. Yuko wazi muda wote."

"Muda wote," mume wangu alisema.

Mpira ulifika kwenye kona. Baba alirusha, mpira ukazunguka juu ya chuma, ukafikiri, ukatoka nje. Ndugu wawili walishika vichwa vyao kwa pamoja. Tulifungwa tena, na vibaya zaidi.

Kwenye gari nilikaa nyuma. Walibishana tangu Tottenham kama baba angesogea hatua moja au angepiga palepale, kama pasi ilichelewa, kama mechi ijayo shemeji aanzie kushoto au kulia. Tulikwama kwenye foleni kabla ya handaki la Mto Thames na hawakuiona hiyo foleni. Nilijaribu kuchangia neno langu, kwani nami nilikuwepo na nilikuwa nimeona kila kitu.

"Subiri kidogo, mke wangu," mume wangu alisema. "Naongea na mdogo wangu."