Gari la Jirani Lililobaki Ng'ambo

Dada yangu alifia ng'ambo, upande wa Tanga, alikoolewa zamani. Kwetu maiti haiingii kaburini mpaka ndugu wa tumbo moja afike, na aliyebaki ni mimi peke yangu. Simu ilikuja Ijumaa asubuhi, maziko ni Jumamosi. Mwanangu akaenda kuazima gari kwa jirani yetu hapa Changamwe, mama ninayetengana naye kwa ukuta tu.

Gari lile halikuwa la matembezi. Mume wa jirani figo zimemfia. Kila Jumatatu na Alhamisi hupelekwa hospitali kisiwani, damu ipitishwe kwenye mashine isafishwe. Asipofika, maji yanamjaa mwilini na pumzi inamkataa. Tukasema Jumapili tutakuwa tumerudi.

Jirani hakuuliza msiba uko wapi. Aliyefiwa hahojiwi, ukimhoji ni kama unambania. Alitoa ufunguo, akanipa pole, akarudi jikoni kwake. Tukapita Dongo Kundu, tukashika njia ya Lunga Lunga.

Mpakani ofisa alitaka barua ya mwenye gari. Mwanangu akampigia jirani, na hapo ndipo yule mama alipojua kwamba tunavuka. Aliandika, akaituma kwa simu, akasema tusihangaike, tuwahi kuzika. Tukaambiwa na bima ya ng'ambo inatakiwa. Kijana aliyekuwa akiuza kadi hizo dirishani nikamuuliza mwenyewe kama ile inatosha.

"Ukimgonga mtu, mama, inamlipa."

Nikaridhika. Kuhusu gari lenyewe sikuuliza, wala mwanangu, wala yeye hakusema. Gari lina bima kubwa, ile inayolipa hata gari lenyewe, tulijua, karatasi yake imebandikwa kwenye kioo na kila mtu anaiona.

Tulimzika dada yangu. Jumapili tukirudi, lori la mkonge lilitokea kwenye kona likija mbele yetu, upande wetu wa barabara. Mwanangu akalikwepa, gari likaingia mtaroni, likabiringika. Lori halikusimama. Sisi tulitoka na michubuko. Gari lilikunjika mpaka mlango wa mbele ukagusana na usukani.

Jirani alipokwenda kwa watu wake wa bima, mwanangu alifuatana naye. Walijibiwa kwa adabu, maana watu wale wana adabu sana. Bima kubwa ya gari lile inaishia mpakani. Kutoka nalo nje ya nchi, mwenyewe alipaswa kuwaarifu kabla, wamwongezee nchi ile. Hata kwa simu ingefaa. Na kadi ya mpakani ni ya yule utakayemuumiza. Chuma ulichopanda haikijui. Jirani akawauliza, na kama gari limeazimwa na watu wa msiba? Wakampa pole.

Simu ile ya barua naifikiria mpaka leo. Alikuwa na simu mkononi, sisi bado tuko upande wetu, na hakuna aliyejua kwamba kuna mtu mwingine wa kupigiwa.

Gari liko uani kwa polisi huko huko. Mwanangu ni kibarua wa godauni. Siku akipata kazi tunakula. Gari la watu hawezi kulirudisha, hata akizeeka. Nilimwambia jirani anitukane basi, nipumue. Alisema hana la kunitukania, akanisogezea kiti. Mumewe ndiye aliyefanya mzaha.

"Gari lenyewe lilikuwa gonjwa kuliko mimi, mama. Limetangulia tu."



Tangu hapo ni tuktuk, na mimi hufuatana nao kumshika mgongo. Malori ya mafuta yanafunga njia tangu alfajiri. Moshi unamwingia, anatapika kwenye mfuko, tunasimama tu jua likipanda. Mara mbili tulifika mashine imeshapewa mwingine. Tuliambiwa tusubiri, tukasubiri, tukarudi naye hivyo hivyo, miguu imevimba, viatu haviingii.

Alhamisi iliyopita tuktuk ilipiga honi nje, nikaingia kumchukua. Alikuwa amekaa kitandani, hajavaa. Nikamwambia ainuke, tutachelewa. Huwa nasema naye kwa ukali na huwa ananisikia.

"Mwambie dereva aende zake," alisema. "Safari hii inaniua kabla ya figo."

Mkewe alitoka nje akasimama karibu na pipa la maji, kanga mdomoni. Nilipiga magoti nikamvika ndara mguu wa kulia. Akaivua. Nikamvika tena, akaivua tena, taratibu, bila hasira, akaisukuma chini ya kitanda.

Dereva alipiga honi mara nyingine, kisha nikasikia tuktuk inageuza. Nikainuka, nikakaa naye kitandani.