Kisanduku Kilichokosekana Kibirichia

Jumanne nilikuwa kwenye duka la dawa za kilimo pale Kibirichia, Meru, kwenye foleni nyuma ya mama mmoja mkulima wa viazi, gambuti zake zimejaa udongo. Msichana wa chuo kikuu, anayesomea vyombo vya habari na maendeleo, alimwomba dakika tano za utafiti wake.

"Mama, wewe husikiliza redio mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku. Na redio pia hunisikiliza."

Msichana alitabasamu kwa adabu, akatia alama kwenye kisanduku cha wapokeaji habari. Hapo simu ya mama ikalia. Mwenye duka akapunguza sauti ya redio yake bila kuombwa, maana alijua kinachofuata.

Mama akaongea Kimeru, mkono kiunoni: ukungu umeshuka siku tatu, majani ya viazi yameanza madoa, watu wapige dawa leo kabla ya mvua. Maneno yale yale yakatoka redioni, kwa sauti yake mwenyewe. Mwanamume aliyekuwa ameshafika mlangoni akarudi kununua dawa.

"Hawa watangazaji wako mjini, ukungu hawauoni," mama akamwambia msichana. "Sasa andika. Mimi ni wa kisanduku gani?"

Msichana alipekua fomu yote, kisha akachora kisanduku kipya kwa kalamu. Nikavimba kifua kana kwamba ni mama yangu.

Miaka yote hii ninayoandika gazetini, sijawahi kuandika neno lililomrudisha mtu kutoka mlangoni.