Mikono Mfukoni mwa Koti

Mzee Melkiori Ngusa alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko tabia za wakubwa wake wote. Alipostaafu akahamia Mlandizi, akabaki na vitu viwili vya kujivunia: mwandiko huo na ukoo usio na doa.

Doa lilikuwapo, kwenye vidole. Vya marehemu mama yake vilipinda kama tangawizi, vya shangazi zake wawili hali kadhalika. Naye mwenyewe kila asubuhi alikaa saa nzima akivibembeleza vikunjuke. Mama, ilisemekana, alirogwa. Shangazi walifua mno kwa maji baridi. Kuhusu maradhi ya viungo yanayofuata damu, Mzee alikuwa na jibu: "Hayo ni ya Wazungu. Sisi tunarogwa tu."

Kisha bintiye Modesta, fundi cherehani, akaanza kuamka na vidole vilivyovimba, sindano haishikiki. Daktari wa Kibaha akamwambia, "Mbegu huweza kuwamo katika ukoo isiote kamwe. Kwako imeota. Ukiwahi dawa, vidole vitaepuka kupinda. Anza Jumatatu hii."

"Ngoja kwanza uolewe," baba akamkataza. Posa ilikuwa njiani kutoka Chole ya Kisarawe, na wakwe huuliza magonjwa ya ukoo kabla hawajauliza jina la binti. "Vidole havikimbii, mwanangu."

"Havikimbii, baba. Vinapinda."

Jumamosi akaja mchumba, Eliya, na mjomba wake, Mzee Maganga, aliyevaa koti zito katika joto la kukaanga karanga. Wazee wakasalimiana kwa kuinamishiana vichwa, mikono mifukoni.

"Kwenu hakuna ugonjwa wa ukoo?" akauliza Maganga.

"Mafua tu, tena ya kuazima. Kwenu?"

"Sisi hata mafua hutuogopa."

Ugali na kuku vikatua mezani. Modesta akaleta beseni na jagi la maji ili awanawishe.

"Nimeshiba," akasema Maganga, aliyetoka Chole alfajiri.

"Nami nimefunga," akasema Melkiori, Mkatoliki, na Kwaresima ilikuwa imekwisha zamani.

Kuku akabaki akitazamwa. Modesta akainua jagi, vidole vikakataa, likamponyoka, maji yakawamwagikia wazee mapajani. Mikono minne ikaruka nje ya mifuko, yote imepinda.

Wazee wakatazamana vidole.

"Mama yangu alirogwa," Maganga akasema taratibu.

"Na wangu."

"Kumbe mchawi wetu ni mmoja!"

"Mchawi huyo ana kliniki yake," akasema Modesta, "nami Jumatatu nakwenda. Naweni, kuku anapoa." Eliya akaokota jagi, akalijaza, akawanawisha wazee kidole kimoja kimoja.

Jumatatu Modesta alipokabidhiwa dawa zake za kwanza, nyuma yake benchini waliketi wazee wawili waliovaa makoti, kila mmoja akimweleza muuguzi kwamba yeye amemsindikiza binti tu.