Matakia ya Mashua ya Mtito Andei

Kach. Kimya kidogo, halafu kach tena. Ni mkasi mkubwa unakata kamba iliyokaushwa na chumvi. Ndululu Mutie alishona viti vya magari pale Mtito Andei karibu miaka thelathini, na masikio yake yalipitiwa na nyundo, honi na injini za kila namna, lakini sauti aliyobaki nayo ni hiyo ya mkasi. Alipoisikia mara ya kwanza ilikuwa sauti ya kazi inayokwenda vizuri.

Alizaliwa Nuu, upande wa Mwingi, katika nyumba ya watu wa mbuzi na mtama. Ile njaa ya mwaka wa sitini na moja, ambapo chakula cha msaada kilidondoshwa na ndege, ilimfukuza hadi Nairobi. Huko aliingia karakana ya Mhindi mmoja aliyekuwa akitengeneza makochi na viti vya magari. Alianza kwa kufagia, akaja kushika sindano, na mwishowe akafundishwa jambo ambalo hakuliacha mpaka uzee: kuweka misumari midogo mdomoni, kwenye shavu, na kuusukuma mmoja mmoja kwa ulimi hadi midomoni, ili mkono uuchukue bila kupoteza wakati. Fundi wa viti hawezi kuongea na misumari mdomoni. Kwa hiyo watu wengi walimchukua Ndululu kuwa mtu wa kunyamaza, naye hakuwakatalia. Hata kanisani, wazee walipogombana juu ya mabati, walimwacha akae pembeni na kutikisa kichwa.

Alihamia Mtito Andei kwa sababu malori hayakosi pale. Dereva anayetoka Mombasa hufika pale mgongo umeshaungua, na kiti kilichoonyesha springi kitamkumbusha kila shimo alilopita. Ndululu alipangisha kibanda karibu na kituo cha petroli, jirani yake akiwa fundi wa magurudumu, na mke wake Kasyoka akaja na watoto. Alijaza viti kwa nyuzi za katani kutoka mashamba ya upande wa Kibwezi. Alivifunika kwa reksini, ile ngozi ya plastiki, na kuipigilia misumari ya chuma iliyosimama kwa mstari mmoja kama watoto wa shule.

Mwaka wa sabini na nane, lori kubwa liliegesha mbele ya loji ya Evanson Mugo likiwa limebeba mashua.

Evanson alikuwa mtu wa Murang'a, mwembamba, mcheshi, na kila kitu kilichopita barabarani alikiona kama kitu cha kumletea wateja. Mashua ile aliinunua mnadani Mombasa. Ilikuwa mashua ya starehe, yenye chumba na madirisha, mabenchi mawili marefu yaliyofuata kuta zake, na zulia sakafuni lililokuwa limeoza likanuka kama samaki aliyesahauliwa. Aliitaka ikae uani, karibu na barabara, wageni wapandie ngazi waingie kula nyama ndani.

"Kutengeneza viti vyote na zulia," alimuuliza Ndululu, "itanigharimu nini?"

Ndululu alipanda, akapima. Hakukuwa na kona iliyonyooka humo ndani. Kila benchi lilianza pana na kumalizikia jembamba, na ukuta ulijipinda kama ubavu wa ng'ombe. Alitema misumari kiganjani. Yeye bei zake zote alizihesabu kwa viti vya malori, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua.

"Hii ni malori matatu, Mzee."

"Mashua moja inakuwaje malori matatu?"

"Lori limenyooka. Hii inakukimbia ukiishika."

"Nitalipa mawili."

"Mawili na nusu."

"Hiyo nusu ya lori utaiendesha wapi?" Evanson alicheka, lakini alikubali. Ndululu akauliza, kwa ajili ya misumari, maana ya chuma hushika kutu: "Itarudi majini tena, hii?" Evanson aliitazama milima ya Chyulu na vumbi lililoinuka barabarani.

"Fundi," akasema, "wewe unaona maji wapi?"

Basi Ndululu aliifanya kazi ya nchi kavu. Alitoa matakia ya zamani, ile mito mipana ya kukalia, na ndani yake akakuta sufi, ile pamba laini ya mti wa pwani. Ilikuwa imegandana hapa na pale, lakini kavu. Hakuwahi kujaza kiti kwa sufi. Hubonyea haraka, dereva mmoja mnene angeimaliza kwa mwezi. Aliitia magunia mawili akampelekea Kasyoka, naye Kasyoka akaichambua, akaianika, akashona mito ya kulalia ya nyumba nzima. Matakia mapya yakajazwa katani iliyoshindiliwa sawasawa.

Kila takia la zamani lilikuwa na vitanzi vya kamba vilivyoshonewa ubavuni, imara kuliko takia lenyewe. Ndululu alivigeuza, akavivuta, hakuona kazi yake. Kitu kinachoning'inia kwenye kiti hunasa nguo za watu. Akachukua mkasi. Kach.

Zulia jipya alilitandaza jekundu, akalipigilia mpaka kwenye kingo, juu ya kifuniko kidogo cha mbao kilichokuwa katikati ya sakafu. Kifuniko nacho hakukielewa. Alidhani ni kiraka.

Mashua ikawa jina la mahali. Madereva walisema tukutane Mashuani. Maharusi walipigiwa picha mlangoni pake. Turniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, alikuwa akipita kibandani kila wiki na neno lile lile: "Fundi, mashua yako inangoja mvua gani?" Ndululu alimjibu kwa nyusi. Jioni nyingine, watu wakishaondoka, alikuwa akipanda ngazi na kupitisha kiganja juu ya mishono yake, akihakikisha bado imekaza. Ilikuwa imekaza.

Miaka mitano ikapita hivyo. Evanson akaanza kujenga hoteli ya mawe, ya ghorofa, na vyumba vyake vyote vingehitaji makochi na viti. "Kazi hiyo ni yako," alimwambia Ndululu. "Utaifanya mwaka mzima bila kuinua kichwa." Ndululu alimwambia Kasyoka, na Kasyoka akaanza kutaja shule ya sekondari kila alipomtazama binti yao Muthoki.

Hoteli mpya ilihitaji uwanja, kwa hiyo mashua ilibidi iondoke. Mnunuzi alikuwa Kiema, mtu wa upande wa Masinga, mfanyabiashara wa ng'ombe. Bwawa kubwa la umeme lilikuwa limejaa huko, likatenganisha watu na masoko waliyokuwa wakiyafikia kwa miguu. Kiema alitaka kuwavusha siku za soko, akina mama na kuku wao, wanafunzi, wagonjwa.

Siku aliyokuja kuiona, Ndululu alikuwa ndani ya loji, amepiga magoti, anarekebisha kiti cha mkahawa. Shavu lake lilijaa misumari. Kiema aliikagua mashua, akarudi anafuta jasho.

"Viti ni vizuri," alisema. "Mimi sijui kuogelea, na watu wetu huko hakuna anayejua. Lakini nimeambiwa mashua kama hii, viti vyake vyenyewe ni msaada. Chombo kikipinduka, mtu anashika kiti."

"Kila kitu kilitengenezwa upya," Evanson alisema. "Fundi mwenyewe huyu hapa. Fundi, si kila kitu kiko sawa?"

Wote wawili walimtazama. Ndululu angeweza kutema misumari. Aliisukuma kwa ulimi hadi shavu la pili, akaitikia kwa kichwa.

Alipofika nyumbani Kasyoka alikuwa anafua. Alikuwa ameweka mto mmoja wa kulalia ndani ya karai kubwa la maji, anaukandamiza kwa mikono miwili.

"Njoo uone ukaidi, Baba Muthoki," alisema bila kugeuka. "Nikiuzamisha unapanda. Nimeuwekea jiwe, ukalitupa jiwe. Hii sufi ya mashua yako haitaki kuoga."

Aliuachilia, na mto ukaibuka, ukakaa juu ya maji, mweupe, umetulia. Ndululu aliutazama. Aliutazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama mto. Kisha aliinama, akaukandamiza mwenyewe, akauhisi ukimsukuma viganja. Mkono wake wa kulia ulifunga ngumi ubavuni mwa mto ule, mahali ambapo kingekuwepo kitanzi, kama kisingekatwa.

"Nini?" Kasyoka aliuliza.

Alimweleza, yote, hadi kuitikia kwa kichwa. Kasyoka alikaa juu ya kigoda, mikono yake ikidondosha povu.

"Na yale uliyoyajaza katani?"

"Katani ikilowa ni kama gunia la mchanga."

"Ukisema, hoteli itaenda na maneno yako."

"Najua."

"Basi unaniuliza nini?"

"Sijakuuliza kitu."

Kasyoka aliinuka, akaingia ndani. Alitoka amekumbatia mito yote ya nyumba, akaitupa miguuni pake. "Tumelalia vichwa vya watu miaka mitano," alisema. "Chukua. Na ukikuta hata kichwa changu kinaelea, kipeleke nacho."

Asubuhi lori la Kiema lilikuwa limeshafika, watu wanafunga mashua kwa minyororo. Ndululu alikuja na mto mmoja kwapani.

"Fundi, umelala njiani?" Evanson alitania.

"Mzee, jana niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa na misumari mdomoni."

"Na leo?"

"Leo sina."

Alipanda kwenye mashua, akatoa takia moja, akalibeba hadi kwa jirani yake fundi wa magurudumu, kwenye lile pipa refu lililopasuliwa kwa urefu, lililojazwa maji ya kutafutia matundu ya tyubu. Evanson na Kiema wakamfuata, na madereva waliokuwa wakinywa chai wakaja na vikombe vyao. Aliweka mto juu ya maji, ukakaa. Kando yake akaweka takia. Nalo lilikaa, na Evanson akafungua mdomo kusema. Kisha mapovu yakaanza kutoka kwenye mishono, yale yale ambayo fundi wa magurudumu huyatafuta, na takia likainama upande mmoja, likashuka polepole hadi chini.

Turniboi aliyezoea kutania alikuwepo. Aliinama kulitazama chini ya maji.

"Mashua ilipokuja, matakia yalikuwa na hii," Ndululu alisema, akionyesha mto. "Na vitanzi vya kushika. Mimi nilivikata. Pia kuna kifuniko sakafuni nilichokipigilia zulia. Sasa nadhani ni cha kuchotea maji yakiingia."

Kiema aliyatazama maji. "Mama yangu angepanda hii," alisema, kama mtu anayehesabu.

Evanson alimvuta Ndululu kando ya pampu ya petroli. "Uliniuliza kama itarudi majini, nikakujibu. Hapo hukukosea. Kwa nini unajiharibia?"

"Jana niliulizwa mimi, Mzee."

Evanson alimtazama, akaondoka bila kumwambia kwaheri. Kabla ya jua kutua kila mtu alijua kwamba viti vya hoteli vitatengenezwa na fundi wa Emali.

Kiema hakuivunja biashara, ila alisema mashua haitoki pale mpaka irekebishwe. Reksini atanunua yeye. Kazi na vya kujazia havikuwa na mwenyewe, na Ndululu akavichukua. Mito ya nyumbani ilijaza matakia machache tu. Aliuza baiskeli yake, dereva mmoja akamletea sufi iliyopungua kutoka Mombasa, na watoto walilalia blanketi zilizokunjwa. Misumari yote ya chuma aliing'oa, akaweka ya shaba. Jirani alipomuuliza ni kazi ya malori mangapi safari hii, alisema manne, na mfukoni halijaingia hata gurudumu.

Wiki ya pili Evanson alipanda ngazi na birika la chai. Alikaa kwenye benchi lililokuwa wazi, akamwaga vikombe viwili. Ndululu alitema misumari. Walikunywa.

"Hilo zulia ukilikata hapo katikati litafumuka," Evanson alisema mwishowe.

"Litafumuka. Linahitaji upindo wa ngozi kuzunguka kifuniko chote."

"Upindo nitalipa mimi. Zulia lilikuwa langu." Alisimama, akavipangusa vikombe kwa leso. Habari za hoteli hakuzigusa, na Ndululu hakuziuliza.

Vitanzi ndivyo vilivyomchelewesha. Alivishona kwa uzi maradufu uliopakwa nta, akavifungia kwenye ukanda unaozunguka takia zima, kisha akakitundika kila kimoja kwenye boriti ya kibanda na kuning'inia nacho mwenyewe, miguu ikiwa haigusi ardhi, mtu mzima mwenye mvi. Watoto wa jirani walikuja kumcheka. Aliwaacha wacheke, akahamia kitanzi kingine.

Kiema alipokuja kuichukua, alipitia matakia yote. Mwisho alisimama katikati ya chumba, juu ya zulia jekundu, kofia mkononi.

"Fundi, watu wetu wakiingia humu watakaa tu kama wako kanisani. Mimi mwenyewe maneno ya maji siyajui. Niwaambie nini?"

Dereva alikuwa amewasha lori, na mashua nzima ilitetemeka. Ndululu alikuwa na misumari miwili iliyobaki mdomoni. Aliitoa, akaitia mfukoni. Akaushika mkono wa Kiema, akaupitisha kwenye kitanzi hadi kifundoni, akakifunga kiganja chake juu ya kamba.

"Mkono unaingia hapa," alisema, kwa sauti ndogo sana, "halafu usiachilie."