Siku Tatu Nilizozifanya Saba

Wanafunzi walimwita mke wangu Mama Ukoko, na mimi waliniita Bwana Kilo. Yeye alipika kwenye jiko la shule ya bweni miaka ishirini na minane. Mimi nilitunza stoo, chumba kilichopakana na jiko lake, na katikati yetu palikuwa na dirisha dogo la mbao. Kila asubuhi alipitisha beseni pale, nikampimia mchele, akatia sahihi. Siku moja nilimrudisha kwa maharage yaliyozidi kiganja kimoja. Watu wakasema huyu bwana hata mkewe hamhurumii, na mimi nikavimba kichwa. Nilidhani nasifiwa.

Jina lake lilitokana na sufuria kubwa za wali. Watoto waliochelewa foleni walijua kwamba ukigonga mlango wa nyuma, mama yule atakukwangulia ukoko. Hata nyumbani alikula huohuo. Mimi nilipakuliwa wali laini, yeye akabaki na sufuria mapajani, anakwangua kwa kijiko. Wageni wakija nilikuwa nawachekesha: "Huyu na ukoko wamezaliwa tumbo moja." Na yeye alicheka pamoja nao.

Mwaka aliostaafu, wapishi wenzake walichanga. Mkubwa wao, shoga yake tangu enzi za kuosha vyombo, alikuja stoo peke yake akaweka bahasha juu ya mizani yangu.

"Shemeji, hii ni ya kumpeleka mwenzio kule ziwani, kwenye ile nyumba ya wageni. Siku tatu, kulala na kula. Bei tumeshauliza. Tunachotaka sisi, asishike mwiko. Akae kwenye kiti aletewe sahani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shemeji."

Na kweli nilielewa. Aibu yangu inaanzia hapo, maana kama nisingeelewa ningekuwa na la kujitetea.

Nilipiga simu kule ziwani. Msichana wa mapokezi akanieleza kwamba wana vyumba vya mbele, ambavyo wageni wake hula kwenye ukumbi, na vyumba vya nyuma vyenye jiko dogo la gesi, mgeni anajipikia mwenyewe, bei chini ya nusu. Nikaona mwanga. Fedha ya siku tatu za kupikiwa ilitosha siku saba za kujipikia, na chenji ya kurudia. Usiniulize nani angepika. Swali hilo halikunijia kabisa, wala sisemi hivi ili nionekane mwema.

Nilimwambia mke wangu, "Wenzako wametupa wiki nzima." Aliketi kwenye kochi akarudia, "Wiki nzima," mara mbili.

Nikaingia kazini. Nilichukua karatasi ya stoo, nikachora mistari: siku, mlo, kitu, kiasi. Mchele na maharage tulibeba kutoka nyumbani. Sukari niliitia kwenye chupa ya jemu, mafuta kwenye chupa ya soda, chumvi nikaifunga kwenye nailoni. Vitunguu sita, nusu kwa kila mlo mkubwa. Samaki Jumapili tu. Na kwenye kila mstari wa wali niliandika kwa kalamu nyekundu: baba, sahani moja, mama, nusu sahani na ukoko. Niliuhesabu ukoko kama posho yake. Kwa ujanja huo niliokoa mchele wa siku nzima, nikatembea nyumbani kama niliyepandishwa cheo.

Chumba chetu kilitazama kamba za kuanikia mashuka. Ziwa hatukuliona mpaka uzunguke jengo. Jiko lilikuwa na plate mbili, moja imekufa, na sufuria ilikuwa moja. Kwa hiyo alichemsha maharage kwanza, akayahamishia kwenye bakuli la plastiki, akaosha sufuria, akapika wali, kisha akaosha tena kwa ajili ya chai. Karatasi yangu niliibandika ukutani juu ya jiko, nikawa nalala kitandani nasoma gazeti, nikisikia harufu ya kuku wa kukaanga kutoka ukumbini. Siku ya pili nilimkuta kwenye bomba la nje amekaa na mpishi wa pale, wanachambua mchele wa ukumbini pamoja. Mchele wa wageni wengine. Nilimwambia, "Wewe mama, hujui kupumzika." Nililisema hilo kwa mdomo wangu.

Jioni hiyo aliniuliza, "Wale wanaokaa kule barazani, wanaoletewa sahani, ni kina nani?"

"Watu na pesa zao."

"Aha," akasema, akaendelea kufuta sufuria.

Siku ya nne mchana simu yake ililia wakati anamenya kitunguu. Mikono ilikuwa imelowa, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka nje yote. Alikuwa shoga yake.

"Nimeshakusubiri unitafute nimechoka. Mmesharudi? Haya niambie, walikupikia nini huko?"

Mke wangu aliangalia bakuli la maharage. "Wali. Na maharage."

"Hela yote ile, maharage? Wanajua kupika lakini?"

"Wanajitahidi."

"Basi angalau umekaa. Tulimwambia mumeo, siku tatu hizo mwiko asiuguse, hata chai aletewe. Alikuambia?"

Nilikuwa nimeshusha gazeti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe hakuhitaji msaada wangu kuelewa. Alinitazama mara moja, kisha akaitazama ile karatasi ukutani, safu zake zote nne, akaisoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye tangazo.

"Aliniambia," akasema. "Tunawashukuru sana, shoga. Mmenifanyia kitu kikubwa."

Simu ikakatika. Akakata kitunguu nusu, ile nusu nyingine akaifunga kwenye nailoni, kama ilivyoandikwa. Laiti angenitukana. Ningejua pa kuushika ugomvi.

"Kwa hiyo zilikuwa siku tatu," akasema.

"Nilizifanya saba."

"Ndiyo. Hesabu wewe unaziweza."

Usiku huo nilijifanya nimelala. Asubuhi nikamwambia asiamke, leo napika mimi. Nimepima mchele miaka thelathini, magunia kwa magunia, najua kilo yake kwa kuinua tu. Lakini sikuwahi kuupika. Niliujaza maji kama wa uji, moto nikaufungulia mpaka mwisho, na saa moja baadaye juu palikuwa na punje mbichi, katikati bwabwa, chini makaa. Alikuja akiwa na gauni la kulalia, akanishika mkono taratibu, akanitoa jikoni kama anavyomtoa mtoto. "Pumzika, baba," akasema. Nikapumzishwa mimi. Aliinama akaanza kukwangua sufuria, na nikashindwa kuuangalia mgongo wake.

Nilitoka nikaenda ukumbini. Nilimweleza msichana wa mapokezi kila kitu, sijui kwa nini, pengine nilitaka mtu mmoja anikaripie. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba vyumba vya mbele vimejaa, ila sahani ya mchana mtu yeyote anaweza kununua. Nilitoa zile fedha zilizobaki, nikatenga nauli. Zilitosha sahani moja.

"Moja tu, mzee?"

"Moja. Ya mama."

Saa saba nilimkalisha barazani, meza ya pembeni, ziwa liko mbele yake. Alikuwa amevaa gauni ambalo lilikaa begini siku zote nne. Hakujua mikono aiweke wapi. Mara aweke mezani, mara aifiche mapajani. Mhudumu alipotokea na trei, mke wangu alinyanyuka kumpokea, na yule kijana akamwambia, "Kaa tu, mama."

"Nikae tu?" akaniuliza mimi.

"Kaa," nikasema.

Ilikuwa sahani ya wali, paja la kuku, na kabichi. Wali mweupe, kila punje peke yake, unatoa moshi. Aliutazama kwa jicho la kazi, akainusa iliki, akatikisa kichwa kukubali. Kisha, kabla hajaonja, akachukua kijiko akaugawa ule wali katikati, akalisukuma paja la kuku upande wangu.

"Hiyo ni yako yote," nikamwambia. "Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini? Wali wako nimeuonja mimi." Akacheka kidogo, na mimi nikaona pengine nimesamehewa. Hapo nikaleta mzaha wangu wa miaka yote, kwa mazoea tu, wa kuondoa uzito.

"Labda tuwaombe wakuletee na ukoko."

Alitafuna kijiko cha kwanza polepole mpaka kikaisha. Alikuwa anatazama ziwa.

"Mimi ukoko siupendi," akasema.

"Hupendi? Tangu lini?"

"Sijawahi kuupenda."

"Si unaula kila siku, mama?"

"Ndio uliokuwa unabaki."

Alisema hivyo bila hasira, kama anavyomjibu mtu aliyeuliza chumvi iko wapi, akachota kijiko cha pili. Niliurudisha upande wake wali wote na lile paja. Hakubisha, akala. Mimi nilikaa nikimtazama anavyokula wali laini, na kule chumbani, juu ya jiko, ile karatasi ilikuwa bado imebandikwa, mwandiko wangu, kalamu nyekundu.