Mguu Usio na Mwiba

Maumivu yalianzia mguu wa kulia, chini ya unyayo, usawa wa kidole cha tatu, asubuhi moja nikirudi kutoka kilima cha Mlimwa. Hayakuwa makali. Ilikuwa kama nimekanyaga punje ya hindi ndani ya raba. Nikasimama, nikavua, nikakung'uta. Hamna kitu. Nikavaa tena, nikaendelea, na ile punje nikaenda nayo mpaka nyumbani Chang'ombe.

Niseme mapema kwa nini nilikuwa nakimbia, maana watu walitaka sana kujua. Mtoto wangu wa kwanza, wa kike, alikuwa na miezi kumi. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini kwenye shirika la umma lililokuwa likisubiri mnunuzi, na kutwa alishinda sebuleni amevaa suruali ya ofisini, anasikiliza redio ya betri. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa kwenye bahasha chini ya godoro. Kazi yangu ilikuwa kunyonyesha, kupika na kupanga foleni ya maji. Lakini alfajiri, kabla mtoto hajaamka, nilikuwa napata saa moja isiyo na mtu ndani yake. Shuleni nilikuwa mkimbiaji, nilipoolewa nikaacha, nilipojifungua nikaanza tena. Hakuna siri nyingine.

Bombani wanawake wa foleni walikuwa wananisubiri.

"Mama, nani kafa huko unakokimbilia?"

"Hajafa mtu."

"Sasa unakimbia nini na wewe unanyonyesha? Hayo maziwa yatageuka mtindi humo humo!"

Wanacheka mpaka ndoo zinamwagika. Wanaume wa baiskeli pale kona nao wana lao: "Dada, ongeza mwendo, mwizi kakata kushoto!" Kila siku mwizi yule yule.

Kisha likapita gari la matangazo. Kampuni moja ya soda, mojawapo ya zile zilizoingia na soko huria, inaandaa mbio za wanawake, kilomita kumi, kuzunguka mji, baada ya wiki tisa. Nikaenda kujiandikisha mtoto mgongoni. Kijana wa mezani akaniuliza ninamwandikisha nani.

Mume wangu alisema, "Unafanya mazoezi ya kunikimbia?"

"Ningekuwa nakukimbia ningembeba na mtoto."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, nami nilikitaka kwa hasira: kuzimaliza zile kilomita kumi nikikimbia, bila kutembea hata hatua moja, lile bomba lote likiniangalia. Sikutaka kombe. Nilitaka kumaliza.

Raba zangu zilikuwa za mtumba, za kiume, soli imeliwa upande mmoja na Mzungu fulani aliyekuwa anakanyaga vibaya huko kwao. Nilizijaza vitambaa vidoleni. Wiki ya pili ya mazoezi ile punje ya hindi ikawa jiwe. Wiki ya tatu nikawa nashuka kitandani kwa kisigino. Nikaenda hospitali.

Tabibu alikuwa mtu wa haraka. Hakugusa unyayo, alibonyeza juu ya mguu, kidole baada ya kidole, na alipofika cha tatu niliruka nikampiga teke la kifua.

"Mfupa huo," akasema. "Nadhani una ufa. Mfupa ukipigwa kila siku mahali pamoja hupata ufa kama chungu. Lakini siwezi kuapa mpaka nione picha."

"Basi nipige picha."

Akanyoosha kidole kwenye taa ya darini. Imezimika. Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, bwawa la Mtera limeshuka mpaka watu wanasema visiki vilivyozama zamani vimetoka nje, na umeme ulikuwa wa mgao. Jenereta ya hospitali ilikuwa ya chumba cha upasuaji tu. Akaniambia nirudi Alhamisi. Alhamisi nikarudi, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na zamu yangu ilipokaribia umeme ukakatika. Fundi wa picha akatoka nje, akafunga mlango wake kwa ufunguo, akaenda kunywa chai.

Tabibu akaniambia, "Pumzika wiki sita. Usikimbie kabisa."

"Nina mbio baada ya wiki sita."

"Kwani unalipwa?"

Mbele yake angekaa mchezaji wa mpira, asingemwuliza hivyo. Nikamwambia silipwi. Akasema, "Wewe ni mama, pumzika," akaita mtu mwingine.

Wiki hiyo hiyo akaja mama mkwe kutoka Bahi. Majaruba ya mpunga yalikuwa yamekauka na kupasukapasuka, hakuwa na la kufanya shambani, akaja kukaa na mjukuu. Huyu mama alikuwa na jina kule kwao kwa kazi moja: kutoa miiba. Wachungaji wanamjia kutoka mbali, wanakaa uani kwake kama kliniki. Na mtu asiyetoka kwetu asicheke. Nchi yetu ni migunga na mbigili tupu. Mimi ni Mgogo wa mjini, lakini hata mimi nilijua kutoa mwiba kabla sijajua kusoma. Kwetu mguu ukiuma, ni mwiba. Mengine yatafuata baadaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unachechemea, mwanangu?"

"Mguu tu."

"Mguu tu ndiyo nini? Lete hapa."

Akauweka pajani kwake, akafumba macho, akautembeza unyayo kwa dole gumba, polepole. Dole likasimama pale panapouma.

"Upo. Umekatikia ndani, umelala."

"Hospitali wamesema ni mfupa, mama."

"Wameuona?"

"Hawajauona. Umeme."

"Basi."

Hilo "basi" lake likanitosha. Naandika haya sijifichi: nilitaka yeye ndiye awe sahihi. Ukiwa mfupa, ni wiki sita na mbio zimekwenda. Ukiwa mwiba, unatolewa leo na kesho kutwa nakimbia. Nilikuwa nimesoma baiolojia, nilikuwa nimemwona tabibu akibonyeza juu ya mguu, si chini, na nikachagua mwiba.

Alipitisha sindano kwenye moto wa kibatari, akapaka mafuta ya nyonyo ya moto, akaanza kuchimba. Mume wangu alinishika mabega. Alichimba mpaka kanga niliyong'ata ikatoboka. Hakutoa kitu.

"Mwiba umeuona mkono wangu, ukakimbia," akasema. "Umeshuka chini. Sasa wewe ukanyage. Usiubembeleze. Mwiba ukikanyagwa unapanda wenyewe."

Hivi ndivyo ilivyo kwetu, kila mchunga mbuzi atakwambia: mwiba uliozama unatembelewa mpaka ujitokeze. Basi nikautembelea. Nikafanya zaidi, nikaukimbilia. Kila alfajiri naenda Mlimwa na kurudi, na pale wenye akili wangeinua mguu, mimi nagandamiza. Machozi yananitoka, nayafuta kwa mkono, najiambia unapanda huo, unapanda. Nilikuwa nautafuta mwiba kwa uzito wangu wote.

Akachimba mara ya pili. Ukatoka usaha na damu, mwiba hamna. Mume wangu akasema labda twende tena hospitali. Mama yake akamwangalia tu, naye akarudi kwenye redio.

Mara ya tatu ilikuwa siku kumi kabla ya mbio. Habari zilikuwa zimefika bombani, na wale mama wakaja na ndoo zao tupu wakakaa uani kuangalia. Mmoja akasema, "Bibi, mtoe huo mwiba tupumzike na makelele yake ya asubuhi." Mama mkwe hakucheka. Alichimba muda mrefu, jasho linamtiririka puani. Kisha akainama sana, akafunika mguu kwa upande wa kanga yake, akainuka na kitu kwenye kiganja. Cheusi, kirefu kama punje ya mchele.

"Huu hapa."

Wakapiga vigelegele. Naapa walipiga vigelegele, kwa mwiba! Ukapita mkono kwa mkono. Mume wangu akasema, "Sasa utatulia." Mimi nikalia kwa furaha, na nadhani hata maumivu yalipungua siku ile. Nilipoanza tena kukimbia na mguu ukauma vile vile, sikuwa na wasiwasi. Nilisema ni kidonda. Kidonda kitapona.

Siku ya mbio kulikuwa na upepo wa vumbi. Kulikuwa na askari wa kike waliovaa sare za mazoezi, wanafunzi, wauza nyanya pekupeku, na mimi na raba zangu za kiume, kitambaa kimefungwa unyayoni. Nilianza vizuri. Kilomita ya tatu, ya nne, nikawapita wanafunzi wawili, nikasikia watu wa pembeni wakisema, "Huyu mama ana miguu!" Nilikuwa nauma meno lakini nakimbia. Tulipolipita bomba letu, kama kilomita ya sita hivi, wale mama walikuwa wamesimama mstari mzima, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza nani kafa. Walipiga makofi.

Baada ya kuvuka reli nilisikia kitu kikikatika. Nilikisikia kwa masikio, kama kijiti cha kuwashia moto. Nikapiga hatua mbili zaidi kwa sababu mwili ulikuwa haujapata habari, kisha nikaanguka. Nilijaribu kusimama, mguu ukakataa kabisa, ukawa kama wa mtu mwingine. Muuza nyanya mmoja, peku, akapunguza mwendo: "Inuka dada, tumekaribia." Nikamwambia nenda. Akaenda. Wakanipita wote, hata mama mmoja mnene aliyekuwa anatembea zaidi ya kukimbia, akicheka na wenzake. Nilikaa kwenye vumbi mpaka mwanamume mmoja akaniweka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake. Njia ya hospitali ilikuwa inarudi kule kule bombani. Niliziba uso kwa kanga.

Umeme ulikuwepo siku ile. Picha ilichukua dakika chache. Tabibu aliinyanyua kwenye dirisha, ni yule yule.

"Huu ufa ni wa siku nyingi," akasema. "Tazama, mfupa ulikuwa umeanza kujiunga wenyewe. Umekanyagwa, ukafunguka. Ukaanza tena, ukakanyagwa. Sasa umekatika kabisa na vipande vimepishana." Kisha akafungua kitambaa. "Na huku chini nani kakulima?"

Wakanifunga plasta ngumu, ile watu wanaiita hogo, mpaka gotini.

Wiki mbili nilikaa uani. Mama mkwe ndiye alikuwa anachota maji, anafua nepi, anamwogesha mtoto kwenye beseni mbele yangu. Siku moja, mtoto amejaa povu kichwani, nikamwuliza.

"Mama, ule mwiba."

Akaendelea kusugua.

"Ule mwiba ulitoka mguuni mwangu?"

"Mtoto ataingiwa na sabuni machoni, ngoja."

"Mama."

Akammwagia mtoto maji, akamfunika taulo, akamkumbatia. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Niliuokota kwenye kuni."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wamekaa pale wananitazama. Mara ya tatu. Bahi nzima hakuna mguu ulionishinda, mwanangu. Nikasema nikiinuka mikono mitupu wataenda kusema bibi kazeeka. Na wewe ulikuwa unautaka. Nilivyokuonyesha hukuuliza hata swali."

Nilikuwa na kikombe cha chai. Nilikirusha. Kilimpita, kikavunjika ukutani, mtoto akaanza kulia. Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama wa mumewe, na mume wangu alisimama mlangoni akasikia yote. Nilimwambia aondoke siku hiyo hiyo arudi kwao Bahi akachimbe ng'ombe.

Hakuondoka. Nani angechota maji? Mimi na hogo, au mwanawe na redio? Akaokota vipande vya kikombe, jioni akanipikia ugali, akauweka karibu na mkono wangu, akaenda kula peke yake jikoni. Ikawa hivyo wiki saba zaidi. Alinisaidia kwenda chooni. Alinishika kiuno kila siku, na kila siku nilimchukia. Lililoniuma kuliko mfupa ni kwamba lile neno lake la mwisho lilikuwa kweli.

Plasta ilipofunguliwa mguu ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, na pale katikati una nundu. Mfupa umeunga, umeunga upande. Tabibu akasema nitatembea vizuri. Nikamwuliza kukimbia. Akafunga faili.

Nilijaribu, nyuma ya nyumba, pasipo na mtu. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikashika ukuta. Si maumivu tu. Mguu haujikunji tena, unatua wote mara moja kama kipande cha ubao. Nikajaribu tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Leo miaka mitano imepita, nilijaribu hata mwezi uliopita, nimevaa raba mpya za dukani. Hatua ya nne.

Mvua zilipoanza mwaka ule, mama mkwe akafunga mzigo wake kurudi kulima. Nilimbebea kichwani mpaka stendi, nachechemea, kwa sababu mama mkwe habebi mzigo mwenyewe mbele ya mke wa mwanawe. Basi la Bahi lilikuwa linaunguruma, konda ananyang'anya mizigo ya watu.

Akanishika mkono. "Mwanangu, umenisamehe?"

"Hapana, mama."

"Haya," akasema. Akapanda.